Chanjo iko mtaani, mtaa hauko kwenye foleni

Washington Heights, kaskazini mwa Manhattan, ni mtaa ambao Kihispania cha Jamhuri ya Dominika utakisikia kwa kinyozi, dukani na kanisani kabla hujasikia Kiingereza. Januari 2021 ukumbi wake wa Armory, ambao wanariadha wanaujua kwa mbio za ndani, uligeuzwa kituo cha chanjo ya Uviko-19. Watu walijaa. Ila waandishi wa habari waliofika pale waliona kwamba wengi wa waliojipanga ni Wazungu waliotoka mitaa mingine, wengine hata nje ya jiji la New York, na wahudumu wenye kujua Kihispania walikuwa wa kuhesabu.

Wenye mtaa walikuwa wapi? Jibu lililopendwa zaidi wakati ule, na ambalo hadi leo halijafa, ni kwamba walisita: wanaogopa chanjo, wanaamini uvumi wa WhatsApp, hawaiamini serikali. Jibu hilo lina raha yake, kwa sababu halimdai mtu yeyote chochote.

Tuwatendee haki kwanza waliokiendesha kituo. Tarehe 4 Januari mwaka huo Gavana wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, alitangaza kuwa hospitali itakayokaa na dozi zaidi ya siku 7 inaweza kutozwa faini ya hadi dola 100,000. Chupa ya chanjo ya Pfizer ya wakati ule nayo, ikishachanganywa, ilikuwa na saa 6 tu. Ukiwa msimamizi katika hali hiyo utafungua miadi mtandaoni na kumpokea yeyote anayetimiza masharti. Dozi iliyoingia kwenye bega la mzee wa mtaa wa kitajiri ni dozi iliyofanya kazi yake. Iliyomwagwa jioni haikumsaidia mtu. Anayetaka foleni ipangwe kwa anwani inabidi aeleze dozi za wasiotokea zitakwenda wapi. Hoja hii ni nzito, na wanaoidharau aghalabu hawajawahi kugawa kitu kinachoharibika.

Lakini kasi ile ilikuwa kasi ya nani? Miadi ilipatikana kwa kukaa na kompyuta, kufungua ukurasa, kuufungua tena, kujaza fomu, kuanza upya. Anayefanyia kazi nyumbani aliweza. Mpishi, mfagizi wa ofisi au mtunza wagonjwa majumbani hakuweza, na mama yake wa miaka 70 hakuweza bila yeye. Jiji lilipotoa takwimu zake za kwanza kwa asili ya watu, mwisho wa Januari, Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao ni asilimia 29 ya wakazi, walikuwa asilimia 15 tu ya waliochanjwa. Takwimu zenyewe zilikuwa na tundu: karibu wawili kati ya kila watano waliochanjwa hawakuwa wameandikiwa asili yao. Tena chanjo ilitolewa kwa awamu, zilizoanza na wahudumu wa afya na wazee, na Walatino kama jamii ni vijana zaidi. Kwa hiyo pengo lile peke yake halithibitishi kosa la mtu.

Namba ninayoitegemea zaidi ni nyingine. Nusu ya pili ya Aprili 2021 shirika la utafiti wa afya la KFF liliwauliza watu wazima wa Marekani ambao walikuwa bado hawajachanjwa kama wanataka kuchanjwa haraka iwezekanavyo. Kwa Wazungu, asilimia 16 walisema ndiyo. Kwa weusi, 17. Kwa Walatino, 33. Tukumbuke ni mwishoni mwa Aprili: dozi zimeshakuwa nyingi, na kufikia tarehe 19 kila mtu mzima ameruhusiwa. Hivyo mtu anayeitaka chanjo mwezi huo na bado hana, hasubiri zamu. Kuna kitu kimemzuia. Walipoulizwa, walitaja hofu ya kukosa ujira wa siku, kuletewa bili, kudaiwa vitambulisho. Yote hayo ilhali chanjo ilikuwa bure na haikuwa na sharti la kibali cha uhamiaji. Neno moja, “hajachanjwa”, lilikuwa limewafunika aliyekataa na aliyekosa. Ni kweli, theluthi mbili ya Walatino wale hawakusema wanaitaka upesi, na miongoni mwao wapo waliosita hasa. Ila huwezi kumhubiria aliyekosa kana kwamba amekataa.

Malalamiko yalipozidi, Armory ilitenga asilimia 60 ya miadi kwa Washington Heights, Inwood na mitaa jirani, ikiwemo South Bronx. Tarehe 5 Februari uwanja wa besiboli wa Yankee, ulioko Bronx, ulifunguliwa kuwa kituo cha chanjo kwa wakazi wa Bronx peke yao, miadi 15,000 kwa wiki ya kwanza. Hata hapo palikuwa na mwiba: ushahidi wa makazi unamwendea vizuri mwenye bili ya umeme kwa jina lake, si mpangaji aliyekodi kitanda katika chumba cha watu wanne. Kufikia Julai 2022 hesabu za KFF kutoka majimboni zilionyesha Walatino asilimia 67 walikuwa na angalau dozi moja, Wazungu 64. Watu walewale walioitwa wasitaji.

Na lugha je? New York ina sheria ya mwaka 2017 inayozidai idara za jiji kutafsiri nyaraka muhimu kwa lugha 10, kwa hiyo karatasi za Kihispania zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mlangoni. Tafsiri ya mashine haizibi nafasi hiyo: tovuti ya idara ya afya ya jimbo la Virginia ilitaka kusema chanjo si lazima, Kihispania kikatoka kwamba chanjo haina haja. Mswahili yeyote anajua umbali ulioko kati ya maneno hayo mawili.

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani na kufuta amri ya Rais Clinton ya mwaka 2000, iliyozitaka taasisi za serikali kuu na zinazopokea fedha zake kuwahudumia wasiokijua Kiingereza vizuri. Wanaounga mkono hatua ya Trump wanasema lugha moja huunganisha taifa, na kwamba hakuna idara iliyokatazwa kuendelea kutafsiri. Hilo la pili ni kweli. New York ina sheria yake, itaendelea. Pale ambapo hakuna sheria kama hiyo, atakayemsomea bibi fomu ya chanjo ijayo ni mjukuu wa miaka 12, siku ambayo hakwenda shule.