Kwani Hayo Maji Hawakuyatia Rangi Wenyewe?

Juzi nimetumiwa video. Kijana kavaa koti jeupe, mbele yake bika ya maji ya bluu. Anatia unga mweupe, anaiweka juani, video inakimbizwa, maji yametakata. Makofi! Unga ule ni chembe za nano, yaani ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za oksidi ya zinki zilizotengenezwa kwa mwani. Teknolojia ya kijani. Majitaka yamepata dawa.

Nikamwonesha shangazi yangu, mkulima wa mwani Jambiani, ambaye vidole vyake vimechakaa kwa kamba na maji ya chumvi. Akatazama mpaka mwisho, akanirudishia simu.

"Kwani hayo maji hawakuyatia rangi wenyewe, mwanangu?"

Wameyatia wenyewe, shangazi. Ni rangi iitwayo methilini bluu, kidogo tu, ndani ya maji masafi kama yale tunayotia kwenye betri ya gari. Halafu wanaitoa, wanapigiana makofi.

Jirani yangu anatengeneza batiki. Maji yake ya kusuuzia yana rangi tatu zilizovurugana, kostiki, nta, chumvi na sabuni. Ukichovya mkono huzioni kucha. Sasa, oksidi ya zinki hufanya kazi ikipigwa na miali ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo ni kama asilimia 5 tu ya nguvu ya jua linalotufikia; hapo ndipo huzalisha chembe kali za kuila rangi. Kwenye bika ile miali inapenya. Kwenye karai la jirani itapenya wapi? Itaishia juu, unga umelala chini. Hata ikipenya, chumvi na vikorokoro vingine vitazidaka zile chembe kali zinazotakiwa kuila rangi. Kazi ilitakiwa ianzie hapo kwenye karai, na ndipo wengi wanapofungia daftari.

Na huo ukijani! Unachemsha mwani, unachuja, unatia chumvi ya zinki ya kununua, mara nyingi na kostiki juu yake, kisha unachoma kwenye tanuru nyuzi 400 au 500. Kwa joto hilo mwani wenyewe umeshakuwa moshi. Zinki inayoyeyuka na kuwafikia viumbe wa majini, tusiiguse leo.

Haya, nikiri: mwani husaidia chembe zisishikane, na kuna kemikali kali unaziepuka. Ukitengeneza oksidi ya chuma ya aina inayovutwa na sumaku, unaweza kuuopoa unga wako majini. Hilo nalipa heshima yake. Lakini mwani wa kahawia uliokaushwa na kusagwa tu, bila tanuru, hunasa madini ya risasi na shaba majini, na wataalamu wamelijua hilo kwa miongo kadhaa. Mwani huo bahari inatutupia ufukweni bure, tunaukanyaga. Haung'ai kwenye video, basi.

Nimeomba dumu la lita 20 la maji ya jirani, liko uani wiki ya tatu sasa. Yule kijana nimemwandikia kwamba aje na unga wake, chai juu yangu.

Amejibu kwa kidole gumba.