Gazeti la mtandaoni: alipe msomaji au mtangazaji?

Gazeti la karatasi liliuzwa mara mbili: msomaji alinunua nakala, mfanyabiashara akanunua nafasi ya tangazo. Lilipohamia mtandaoni, wachapishaji wengi waliacha habari zisomwe bure wakitegemea kwamba matangazo yangefidia pengo. Hayakufidia. Nchini Marekani, mapato ya matangazo ya magazeti, yaliyokuwa karibu dola bilioni 49 mwaka 2005, yalikuwa chini ya bilioni 10 mwaka 2020, huku Google na Facebook zikichota sehemu kubwa ya fedha za watangazaji.

Wanaotetea habari za bure wana hoja nzito. Taarifa ya uchaguzi au ya mlipuko wa ugonjwa ikifungiwa, asiye na uwezo wa kulipa hubaki na uvumi, ambao haumdai hata senti. The Guardian limeziacha kurasa zake wazi na huwaomba wasomaji wachangie kwa hiari, ingawa nyuma yake ipo Scott Trust, taasisi inayolimiliki na kulitegemeza kifedha, tegemeo ambalo magazeti mengi hayana.

Kwa upande mwingine, The New York Times lilianza kutoza mwaka 2011, na kufikia 2023 lilikuwa na zaidi ya wateja milioni 10 wanaolipia, wakiwamo waliofuata mapishi na michezo ya maneno. The Sun la Uingereza lilijaribu njia hiyo mwaka 2013, likaiacha mwaka 2015. Msomaji halipii kile anachokipata bure kwingine.

Kinachonielemea zaidi ni namna chanzo cha fedha kinavyoibadili kazi yenyewe. Mapato yakipimwa kwa idadi ya wanaobofya, mhariri husukumwa kuandika "Hutaamini alichosema waziri", habari ya aya sita hukatwa kurasa tano ili kila ukurasa ulete matangazo mapya, na msomaji anapogusa simu asogeze maandishi, tangazo huchomoza chini ya kidole chake. Uchunguzi uliochukua miezi mitatu hauwezi kushindana na hayo.

Kwa hiyo naegemea upande wa msomaji kulipa, kwa sharti kwamba habari zinazogusa usalama wa watu zibaki wazi. Jambo hilo linawezekana: mwaka 2020, The New York Times lilifungua sehemu kubwa ya habari zake za korona, na mwaka huohuo likapata zaidi ya wateja wapya milioni 2 wa mtandaoni.