Tuache kugombania kisu, kantareli inataka msitu

Kila msimu wa kantareli, ule uyoga wa njano wa msituni unaoliwa, ukifika ubishi ni uleule, uikate na kisu au uing'oe kwa mkono, na watu wanatukanana kabisa yaani, aliyeng'oa anaitwa muuaji wa msitu. Mimi naona tunapoteza muda. Uswisi walianza kufuatilia hii ishu mwaka 1975, sehemu zingine wanachuma uyoga wote zingine hawagusi kitu, na baada ya miaka 29 ikaonekana kukata na kung'oa ni yaleyale, mavuno hayakushuka wala aina za uyoga hazikupungua. Kilichopunguza idadi ni kukanyagakanyaga pale chini, na hata hapo hawakuona dalili kwamba kuvu iliyo ardhini imeumia.

Ukijua inavyoishi wala hushangai. Kile cha njano tunachokula ni tunda tu, kiumbe chenyewe kiko ardhini, nyuzi nyembambaaa zimezingira mizizi ya mti ulio hai, msonobari au mwaloni kwa mfano, mti unaipa sukari na yenyewe inaulipa kwa maji na madini. Ndo maana kantareli hailimwi kirahisi kama ule uyoga mweupe wa dukani, ule unakula mabaki ya mimea basi, huu lazima uwe na mti wake. Mwaka 1997 watafiti Eric Danell na Francisco Camacho walitangaza kwamba wamefanikiwa kuizalisha ndani ya banda la kioo ikiwa imeshikamana na miche ya msonobari, ilikuwa hatua kubwa sana kwa kweli, ila mpaka leo kantareli za kuuza zinatoka porini.

Sasa mtu anakasirika kwa sababu ya kisu halafu miti yote inafyekwa ananyamaza! Mti ukianguka ile sukari imekata, na hapo hata ungechuma kwa upole wa namna gani hakuna cha kuchuma. Hasira zote hizo zingeenda huko, kwenye kubakiza miti mikubwa na kutopitisha matrekta kila mahali, na sisi wachumaji tupite njia moja badala ya kusambaa msitu mzima.

Na muda unaobaki tuwafundishe wachumaji wapya, manake kuna uyoga mwingine unaitwa Omphalotus, ina sumu, nayo ni ya rangi ya chungwa na kwa haraka haraka inadanganya. Yenyewe huota kwenye mbao, visiki au mizizi iliyofukiwa, mara nyingi kwa mafungu, na chini ya kofia ina vipande vyembamba kama karatasi vilivyosimama, wakati kantareli ina mikunjo minene inayoshuka mpaka kwenye shina na ni ngumu kuibandua. Kantareli ukiipasua ndani ni nyeupe nyeupe na inanukia kama tunda la aprikoti, Omphalotus ina uchungwa mpaka ndani. Na hata ukiona dalili zote ziko sawa, mara ya kwanza mwonyeshe mtu anayezijua kabla hujabandika sufuria.