Gugu karoti nalo lipewe askari wake

Muulize mtu wa Arusha nini kinatishia hifadhi zetu, atakutajia ujangili, ukame, mifugo kuingia hifadhini, na pengine barafu ya Kilimanjaro inayoisha. Sibishani naye. Ila mimi nikipewa bajeti ndogo na kuambiwa nichague pa kuanzia, nitaanza na mmea ambao wengi wetu tunaupita kila siku kando ya barabara bila hata kuugeukia: gugu karoti.

Utalijua kwa majani yake yaliyochanikachanika na vimaua vyeupe vidogo. Asili yake ni bara la Amerika. Hapa nchini liliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, na ni hapa hapa Arusha. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Likipata unyevu linaota mwezi wowote, na baada ya wiki chache tu linachanua. Linatoa kemikali zinazodumaza mimea iliyo jirani. Ng'ombe hulikwepa, na njaa ikimlazimisha kulila, maziwa yanakuwa machungu. Anayelishikashika anaweza kuota vipele na kuwashwa mwili, na mwenye pumu ndiyo kabisa.

Sasa peleka picha hiyo Ndutu. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanategemea nyasi fupi za zile mbuga, na huko ndiko wanakozalia. Serengeti tunayoiuza duniani, ukiondoa nyasi, haipo. Simba anakula mla nyasi. Na gugu hili haliko mbali: upande wa Kenya, Masai Mara, limeshaonekana kando ya mto Mara, na maji ya mto huo yanashuka Serengeti. Upande wetu njia ni nyingine. Msimu wa wageni ukishika, magari ya watalii yanatoka Arusha alfajiri, Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, hadi Ngorongoro na kuendelea. Tope lililoganda kwenye tairi na chini ya madigadi linasafiri bure. Getini vinakaguliwa vibali, malipo na idadi ya wageni. Sijawahi kuona mtu akiinama kuangalia tairi.

Siwalaumu walioko getini. Uhifadhi wetu ulijengwa kumkabili mwizi mwenye bunduki, na ulikuwa na sababu. Tembo walipungua kutoka karibu 110,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014. Nchi ilishtuka, taasisi za uhifadhi zikaingizwa kwenye mfumo wa jeshi usu, wakubwa wa biashara ya pembe wakafungwa. Askari wa hifadhi anajua kufuata nyayo, kuvizia, kukamata. Huyu mgeni wa sasa hana nyayo wala hana kesi ya kupelekwa mahakamani, na nahisi ndiyo maana hana bajeti.

Halafu ni wa nani? Likiwa ndani ya hifadhi ni la hifadhi. Likiwa shambani ni la mkulima. Mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, makao yake yapo Ngaramtoni, karibu kabisa na pale tatizo lilipoanzia, na kitaalamu suala lipo mikononi mwao. Lakini kando ya barabara kila mtu anamwachia mwenzake. Vibarua wakija kufyeka, mara nyingi wanakuta maua yameshakauka. Fyekeo likipita hapo halipunguzi kitu, linazipukutisha mbegu na kuzitupa mbele zaidi. Kazi imelipiwa, barabara inapendeza, na mvua ijayo gugu limeongezeka.

Kuna njia nyingine ambazo mtaalamu wa ofisini anaweza asizione. Arumeru ng'ombe wengi wanafugwa bandani, kwa hiyo majani yanakatwa popote yanapopatikana, barabarani ndiko kwa kwanza, yanafungwa mizigo na kusafirishwa kichwani, kwenye baiskeli, bodaboda na Kirikuu. Samadi inapakiwa kwenye maboma ya wafugaji na kuteremshwa kwenye bustani za mboga. Kifusi kinachimbwa huku kinamwagwa kule. Kila mzigo wa aina hiyo unaweza kuwa na mbegu ndani yake, na hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja. Huwezi kumkamata mama anayelisha ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Unaweza kumwonyesha gugu likiwa changa, ukamweleza kwa nini maziwa ya wiki ile yalikataliwa na wateja. Atakuelewa haraka kuliko semina.

Tumeshawahi kuchelewa. Gugu maji lilipoingia Ziwa Victoria miaka ya mwisho ya 1980, lilitazamwa tu kama maua yanayoelea. Muongo uliofuata lilikuwa limeziba mialo na bandari, na ikabidi pamoja na kulivuna kwa mikono na mashine waachiliwe fukusi wa kulila. Kwa gugu karoti naye mdudu yupo, mbawakawa mdogo anayeitwa Zygogramma, ambaye India walianza kumtumia tangu 1984. Najua ukimwambia Mtanzania kuwa unaleta kiumbe kutoka nje atakukumbusha sangara na yaliyowapata samaki wa asili wa ziwa hilohilo. Ana haki. Tofauti ni kwamba sangara alipandikizwa kwa tamaa ya minofu, ilhali mdudu wa namna hii hujaribiwa kwanza kwenye mimea mingine ili kuona kama atahamia huko. Mimi namtaka yeye kuliko kupuliza dawa kando ya barabara wanakopita watoto wa shule na wanakokata majani akina mama.

Yeye peke yake hatoshi, wakati wa kiangazi anajificha ardhini. Kwa hiyo ratiba ya kufyeka isogezwe iwahi maua. Wanaong'oa wapewe glavu. Madereva na waongozaji walijue gugu hili kama wanavyomjua chui. Na kwenye lango la kuingilia hifadhini pawepo sehemu ya zege ya kuoshea tairi, igharimiwe na sehemu ya kiingilio. Watu watalalamika kuhusu foleni na dakika zinazopotea. Wengine watasema mbegu si zitaota hapohapo getini? Ndiyo, na hapo ndipo ninapozitaka: sehemu moja, kwenye mtaro mmoja, mbele ya askari anayeweza kuzing'oa kila wiki kabla hazijachanua.