Matofali ya kuchezea: ulipie jina au ulipie tofali?

Mtoto wa kaka yangu alikuwa anatimiza miaka 6, na zawadi alishaitaja mapema: lego. Za aina gani hakusema. Kwake, kama kwa watoto wengi wa Dar, lego ni kila tofali la plastiki lenye vinundu juu, kama vile kila sabuni ya unga ilivyokuwa Omo na kila dawa ya meno Colgate. Kuchagua kukabaki kwangu na mfuko wangu.

Masaki, kwenye duka lenye kiyoyozi, boksi la Lego yenyewe lenye vipande visivyofika 300 lilikuwa shilingi 175,000. Kariakoo, kijana muuzaji alinishushia boksi la vipande zaidi ya 500 kwa 25,000. "Dada, ni ile ile tu," akaniambia. "Kinachotofautiana ni maandishi."

Kauli hiyo nusu yake ni kweli.

Lego ni kampuni ya Billund, Denmark. Seremala Ole Kirk Christiansen aliianzisha mwaka 1932, akitengeneza vitu vya mbao. Tofali la plastiki la kushikamana halikuanzia kwake. Mwingereza Hilary Page alitangulia kuyauza kupitia kampuni yake ya Kiddicraft, na matofali ambayo Lego ilianza kuyatoa mwaka 1949 yalifuata mfano wa hayo. Walichoongeza Wadenmark ni vile virija vya ndani, chini ya tofali, vinavyobana vinundu vya tofali jingine. Maombi ya hataza (patent) ya ubunifu huo yaliwasilishwa tarehe 28 Januari 1958. Sasa hataza humlinda mbunifu kwa muda tu. Muda ulipokwisha, kila mwenye kiwanda akawa na ruhusa ya kutengeneza tofali la namna hiyo. Lego ikajaribu kulilinda umbo lenyewe kama alama ya biashara, ikagonga mwamba: Mahakama ya Juu ya Kanada iliwapa ushindi wenye Mega Bloks, matofali mengine ya kushikamana, mwaka 2005, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo ikakataa.

Kwa hiyo tunapoita "feki" kila tofali lisilo la Lego, tunawaonea watu. COBI ya Poland na Sluban ya China wanauza matofali yanayoingiliana na ya Lego, kwa majina yao wenyewe, na hakuna walichoiba. Na wale wanaokagua chini ya boksi wakikuta "Made in China" wanaguna, wajue kwamba Lego nayo ina kiwanda chake China, mjini Jiaxing.

Feki ni kitu kingine. Ni kuchukua gari au kasri ambalo wabunifu wamekaa nalo miezi, ukanakili kipande kwa kipande pamoja na picha ya boksi na kijitabu cha maelekezo, kisha ukabadili herufi mbili tatu za jina. Ndivyo walivyofanya Lepin wa China, hadi polisi walipowavamia mwaka 2019. Mwaka uliofuata mahakama ya Shanghai ikamfunga kiongozi wao miaka 6 na kumtoza faini ya yuan milioni 90. Hata kile kijitu cha kichwa cha njano, tofauti na tofali, bado kinalindwa kama alama ya Lego barani Ulaya. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema hivyo mwaka 2015. Boksi nililoshushiwa Kariakoo lilikuwa la ukoo huo: nembo nyekundu, maandishi meupe, na gari lile lile nililotoka kuliona Masaki.

Nusu ya pili ya kauli ya yule kijana huwezi kuijua mpaka ushike kwa mkono. Nilimwomba afungue pakiti moja. Nikapanga matofali kumi kama mnara, nikaushika kwa tofali la juu kabisa na kuutikisa kidogo. La nne likaachia, na yote yaliyo chini yake yakaanguka juu ya meza. Nikarudia kwa mengine, mawili yakabana mpaka nikajikuta nataka kuyatenganisha kwa meno. Hapo ndipo pesa ya Lego inapokwenda. Kalibu zao za kumiminia plastiki zinapishana kwa chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, ndiyo maana tofali la mwaka 1958 linashika la mwaka huu. Upungufu wa kulegea au kukaza mtu mzima anauvumilia. Mtoto wa miaka 6 hauelewi.

Nasema hivyo kwa sababu nilishawahi kukosea. Krismasi moja nilimnunulia huyu huyu boksi la bei rahisi kutoka duka moja la mtaani. Alijenga nyumba, akainyanyua kumwonyesha baba yake, ikafumuka njiani. Akajenga tena, ikafumuka tena. Mara ya tatu alisukuma vipande chini ya kochi akasema, "Mimi sijui kujenga." Wala hakuilaumu plastiki. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kununua yenye jina, inazidi hata ile ya kuheshimu kazi ya mbunifu.

Upande wa pili nao una hoja, na mwenye mshahara wa kawaida anaijua kabla hajaisoma. Kujenga kunataka wingi. Matofali sita tu ya vinundu vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Ukiongeza idadi, ndivyo unavyoongeza mchezo. Boksi la bei kubwa lenye vipande vichache vya chombo kimoja cha angani hujengwa mara moja kwa kufuata kijitabu, kisha linapanda juu ya kabati la vyombo, jirani na vikombe vya wageni, na mtoto anaambiwa asiguse. Nimeliona hilo kwenye nyumba zaidi ya moja. Sisi tuliojenga magari kwa waya na visoda hatukuwa na cha kuogopa kukiharibu. Kati ya matofali 40 yasiyoguswa na 400 ya jina la kawaida yanayoshika vizuri, nachukua 400 bila kuwaza.

Lakini yanayoshika vizuri, na yasiyodhuru. Kipande kinachopita katikati ya kile kigogo cha karatasi ya chooni ni cha kukabwa nacho. Kisiwe mikononi mwa mtoto aliye chini ya miaka 3, awe amekitengeneza nani. Vile vya sumaku vya bei ya chini naviogopa zaidi: kikipasuka na mtoto akameza sumaku mbili, zinavutana ndani ya utumbo, na hiyo ni safari ya upasuaji. Harufu kali ya plastiki ukifungua boksi nayo inatosha kukufanya ulirudishe.

Kuna njia ya tatu, na nashangaa haizungumzwi: mtumba. Kwenye marobota yanayofunguliwa soko la Karume hapa Dar, na Gikomba kule Nairobi, matofali ya Lego yenyewe hujitokeza yamechanganyika na midoli isiyo na macho. Utayajua kwa kuangalia juu ya kinundu, maana jina limechapwa kwenye kila kimoja. Yaoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Ya moto yanayapinda. Ila hapa jina nalo lina kasoro yake. Watafiti wa Plymouth, Uingereza, waliripoti mwaka 2018 kwamba baadhi ya matofali ya Lego ya miaka ya 1970 na 1980, hasa mekundu, ya njano na meusi, yana kadimi na risasi, metali zenye sumu, kwa viwango visivyoruhusiwa siku hizi. Kwa hiyo yaliyochakaa sana na kupauka niliyaacha pale pale kwenye fungu, na kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni nisingechukua hata moja.

Mwishowe nilinunua boksi la 40,000 lenye jina lake lenyewe, lisilojifanya la mtu, baada ya mnara wa matofali yake kumi kushika bila kuachia. Nikaongezea mfuko wa mtumba. Boksi la Masaki nililiacha bila majuto, ingawa akifika miaka 10 na kuanza kutaka magari yenye gia na mota, nitarudi pale, maana huko kulegea kidogo tu kunaua mashine nzima.

Siku ya sherehe alimwaga vyote kwenye mkeka mmoja na kuanza kujenga stendi ya mabasi ya mwendokasi. Alitumia vya boksi na vya mtumba bila kuvitenga. Katikati ya ujenzi akaniletea tofali moja la bluu lililoandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa mtoto, jina la Kizungu.

"Shangazi, huyu nani?"

Nikamwambia ni mwenye nalo wa kwanza. Akalitazama kidogo, akalibandika mlangoni mwa stendi, jina likitazama nje.