Homa Ikipewa Namba Isiyo Yake

Mgonjwa wa sukari akihamishwa kutoka Likoni hadi Hospitali Kuu ya Pwani, huenda daktari mmoja ameandika "DM" (kifupi cha kisukari), mwingine "sukari", wa tatu "T2DM" (kisukari aina ya pili). Sisi twaelewa papo hapo. Kompyuta inahesabu magonjwa matatu. Ndiyo maana wataalamu wanataka kila ugonjwa uwe na namba moja: E11 katika ICD-10, orodha ya namba za magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, au 5A11 katika ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inataka taarifa za wagonjwa ziunganishwe Kenya nzima. Bila istilahi za pamoja, zitaunganishwa vipi?

Hoja hiyo naikubali. Shaka yangu ni homa.

Mombasa imepata mlipuko wa dengue 2013, kisha chikungunya kati ya 2017 na 2018, homa mbili za virusi vinavyoenezwa na mbu. Zote huanza kama malaria: joto, kichwa, viungo. Sasa mweke tabibu mbele ya skrini, foleni imefika mlangoni, majibu ya maabara hayajatoka, na programu haimruhusu kuendelea mpaka achague ugonjwa. Atabonyeza B54, malaria isiyobainishwa, amwite anayefuata. Kwenye karatasi angeandika "homa, viungo vyauma mno, jirani zake pia wanaumwa", na sentensi hiyo ndiyo yenye habari. Kaunti itasoma malaria imeongezeka, nayo itaagiza dawa za malaria.

Watetezi wa namba watajibu kwamba sentensi hiyo ingelala kabatini bila kusomwa. Kweli kabisa (nani hupekua faili za mwezi uliopita?). Namba huonyesha homa zimepanda Mvita wiki hii, mradi tu tabibu awe na ruhusa ya kukiri kwamba chanzo hakijajulikana. Ruhusa hiyo imo tayari: R50 ni homa tu, bila kusingizia ugonjwa. Kwangu mimi ingetokea juu ya menyu, si chini, na kando yake nafasi ya maelezo huru.

Gharama nazo si kompyuta pekee. Namba sahihi huhitaji afisa wa rekodi anayesoma maelezo na kuyasawazisha majibu ya maabara yakifika. Kaunti ikinunua mashine bila kuajiri watu hao, afadhali ingoje kwanza.