Mtoto Aambiwe Mama Yake Amekufa

Juzi nilikuwa msibani mtaa wa pili. Amefariki mama wa watoto watatu, bado kijana. Wakubwa wawili walikuwa wanajua. Wa mwisho, wa miaka sita, kaambiwa mama kasafiri na atarudi na zawadi. Turubai limefungwa mpaka barabarani, wanawake wamejaa kwenye mikeka, vilio juu, na mtoto yumo humohumo anazunguka. Akamwendea shangazi yake: “Shangazi, mbona mama kaacha simu?” Shangazi akamkumbatia, akamwambia nenda kacheze na wenzako.

Nimeondoka pale na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha. Mtoto mwenye akili ya kujua kwamba mama hasafiri bila simu ana akili ya kuambiwa ukweli.

Hebu itazameni safari hiyo kwa macho yake. Mama kaondoka bila kuaga. Hapigi simu. Sikukuu imefika, imepita, hajaja. Mtoto aelewe nini, zaidi ya kwamba mama kamchoka? Watoto wa umri huo hujiona wao ndio chanzo cha mambo. Aliyemnunia mama asubuhi anaweza kuamini kununa kule ndiko kulikomfukuza. Kifo kinauma, lakini aliyekufa hakumkimbia mwanawe. Uongo wetu ndio unaomfanya marehemu aonekane katelekeza watoto, naye hayupo kujitetea. Na ukweli mtoto ataupata tu, pengine bombani wakigombana na mwenzake: “Wewe mama yako si kafa!” Siku hiyo atafiwa, na hapohapo atagundua kwamba baba, bibi na shangazi, watu pekee aliobaki nao, wote walimdanganya.

Kumwambia “mama amelala” ni vibaya vilevile, maana anaweza kuja kuogopa kufumba macho.

John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake. Mwaka 1980 aliandika kwamba hata mtoto mdogo anaweza kuomboleza na akapona, iwapo aliishi vizuri na wazazi wake, akaambiwa ukweli mapema, akaruhusiwa kuuliza, akashirikishwa kwenye msiba, na akabaki na mtu mzima anayemwamini. Na asiniambie mtu kwamba haya ni ya Wazungu. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby London, alikaa vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955 akiwatazama akina mama 26 wa Kiganda na watoto wao. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchunguza vitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, anarudi kumgusa, anaondoka tena. Sehemu ya elimu hii ya mtoto kushikamana na mlezi ilianzia kwa watoto wa huku kwetu.

“Mbona anacheza? Watoto husahau upesi.” Hapana. Mtoto huomboleza vipande vipande: atalia kidogo, atakimbilia mpira, na usiku atakojoa kitandani wakati alishaacha. Bowlby na mwenzake James Robertson waliwafuatilia watoto waliotengwa na mama zao, wakiwemo waliolazwa hospitali enzi ambazo wazazi hawakuruhusiwa kukaa nao. Kwanza walilia na kugoma, kisha wakakata tamaa, mwisho wakanyamaza. Wauguzi wakaona wameshazoea. Walikuwa wameacha kumtegemea mtu yeyote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wazee hawana nia mbaya, na kwamba wa miaka miwili hataelewa kufa ni nini. Lakini anajua mikono inayomwogesha si ileile. Ndiyo maana vikao vya ukoo vinavyogawa watoto matanga yakiwa hayajaanuliwa, huyu kwa mama mkubwa Morogoro, yule kwa mjomba Tanga, vinaniumiza. Mtoto kapoteza mama, na ndani ya wiki kapoteza ndugu zake, kitanda chake na shule yake. Kama kuna uwezo wowote wa kuwaacha pamoja, waacheni pamoja.

Misiba yetu ina karibu kila anachohitaji mfiwa: watu wanakuja, wanalala, wanalia naye, wanarudi kwenye arobaini. Aliyefungiwa nje ni mtoto, anayepelekwa kwa jirani kuangalia katuni wakati mama yake anazikwa.

Amwambie mtu anayempenda, wakiwa wamekaa, kwa maneno mafupi: “Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu. Hawezi kurudi. Si kosa lako. Mimi nipo na wewe.” Akiuliza tena kesho, ajibiwe tena vilevile. Na mwalimu wake aambiwe kabla hajarudi darasani.